Pete Inauzwa, Barabara ya Tisa

Pete inauzwa.
Dhahabu ya kale, imelika mgongoni
ikawa nyembamba kama mwezi wa siku mbili.
Jiwe ni jekundu la rozela iliyochemka. Si rubi,
nasema mapema tusije tukagombana. Ni ganeti.

Sonara Idi Suja ameiweka kwenye mizani yake,
ile anayoifunika kwa bakuli upepo wa Dodoma ukianza,
akasema gramu tatu na robo.
Jiwe hakulipima.
"Hili tutaling'oa. Wateja wangu wanataka dhahabu."
Nikamwambia, subiri.

Ndani imechongwa herufi mbili, H na M.
Si za ukoo wetu.
Babu Chilewa aliendesha trekta Kongwa
siku zile karanga zilipoamriwa ziote, zikakataa,
na fundi mmoja Mzungu, akifungasha kurudi kwao,
aliivua kidoleni kwa povu la sabuni
akapokea kuku sita, miguu imefungwa kwa katani.
Kuku sita! Babu alijisifia bei hiyo mpaka meno yakamwisha.

Bibi Sechelela akaivaa.
Akasonga nayo ugali wa uwele, akapuna nayo ngozi,
na mikwaruzo hii unayoiona ni ya jiwe la kusagia.
Sijaipiga msasa.
Anayetaka mpya aende kwenye maduka ya vioo.

Halafu, msimu wa kuanika mtama,
aliivua, akaiweka ukingoni mwa ungo, akaenda kisimani.
Aliporudi aliukuta ungo.
Nyumbani walibaki watu watatu, na mmoja hakuwa wa damu:
Mendeli, miaka kumi na mitatu, aliyeletwa kubeba mtoto.

Walimfungua pindo la kanga mbele ya majirani:
senti hamsini, kokwa nne za ubuyu.
Wakamfumua nywele.
Wakachimba pale alipokuwa akilaza ubavu.
Mtu mmoja akasema, huyu ameimeza,
basi siku tatu wakamfuata hadi kichakani
na kijiti mkononi.
Siku ya nne walikuta ngozi yake imekunjwa vizuri, yeye hayupo.

Krismasi ndipo Bibi alipopasua firigisi.
Changarawe, punje, kigae cha chupa,
na hii.

Ilinunuliwa kwa kuku sita; wa saba alikuja kuidai.
Hakuna aliyecheka.
Firigisi akaandaliwa Babu, kama ilivyo desturi,
naye akaila yote, akafuta vidole.

Bibi hakuivaa tena.
Aliiweka kwenye kopo la rangi ya viatu, chini ya mahindi ya mbegu,
na aliyemuuliza alijibiwa, "Ilipotea,"
miaka sitini, "Ilipotea,"
mpaka Machi hii, kopo likawa langu.

Nikapanda basi kwenda Bahi.
Mendeli anauza mchele kwa kisado karibu na reli.
Aliitazama mkononi mwangu bila kuigusa, muda mrefu,
mteja akapimiwa, akalipa, akaondoka.
Kisha akaijaribu. Ikagoma kwenye kifundo.
"Ndogo hivi," alisema.
"Mimi nimekuwa nikiikumbuka kubwa."
Akaivua kwa mate.
"Kauze. Ukishauza, niletee kuku.
Sita."

Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, bei yangu haishuki
chini ya kuku sita kwa bei ya leo ya soko la Majengo,
tena wa kienyeji, si hawa wa wiki sita,
pamoja na nauli ya Bahi, kwenda na kurudi, na ya matenga.
Yanayozidi hapo tutaongea.

Idi Suja bado ameshika koleo.
Anasema chini ya jiwe kuna kitu cheusi,
kidogo, kama kipande cha ganda la mtama,
na kwamba yeye angekisafisha bure.
Nimemkatalia.
Ukinunua, nunua na jiwe lake.